Koti la mvua linapoanza kunyonya maji: Namna ya kulirejeshea kinga kabla ya kulitupa

Mvua ya Aprili inapoanza kunyesha mjini Kigali, madereva wa pikipiki za abiria, maarufu mjini humo kwa jina la motari, huwa na njia mbili: kuvaa koti na kuendelea na safari, au kujibanza barazani kusubiri mvua ipite. Kwa yule ambaye koti lake limeacha kuzuia maji, njia hubaki moja tu, na kila dakika ya kusubiri ni nauli iliyopotea.

Hata hivyo, koti linalolowa si lazima liwe limekwisha. Mara nyingi kilichochoka ni tabaka moja jembamba la nje, ambalo laweza kurejeshwa nyumbani kwa sabuni, maji na joto la pasi.

Kwa nini jambo hili ni muhimu Rwanda?

Kigali imejengwa juu ya vilima, katika mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hupata misimu miwili ya mvua: kuanzia Machi hadi Mei, na kuanzia Septemba hadi Desemba. Mtu aliyelowa akiwa juu ya pikipiki hupoteza joto la mwili haraka, kwa kuwa upepo hukausha maji na kuondoka na joto.

Kaskazini mwa nchi, kwenye safu ya volkano, hatari huwa kubwa zaidi. Mlima Karisimbi una urefu wa mita 4,507. Mwaka 1908, wapagazi 20 wa msafara wa mwanajiolojia wa Kijerumani, Egon Kirschstein, walikufa kwenye mlima huo baada ya kukumbwa na dhoruba ya mvua ya mawe na theluji. Hadi leo, waongozaji na wapagazi wanaopanda milima hiyo hutegemea koti kama kinga ya uhai.

Suala la gharama nalo lina uzito wake. Mwaka 2016, Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba, ambazo Wanyarwanda huziita caguwa, kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.5 kwa kilo, ili kulinda viwanda vya ndani. Marekani ilijibu Julai 2018 kwa kusitisha nafuu ya ushuru iliyokuwa ikitolewa kwa nguo za Rwanda chini ya mpango wa AGOA. Katika mazingira hayo, kulitunza koti zuri ambalo mtu tayari analo ni jambo la busara.

Koti huzuia maji kwa namna gani?

Makoti mengi ya kisasa ya mvua yana kinga mbili. Ya ndani ni utando au mpako wa plastiki uliobanwa nyuma ya kitambaa. Utando unaojulikana zaidi ulitokana na ugunduzi wa Mmarekani Bob Gore mwaka 1969, alipovuta kwa ghafla fimbo ya plastiki iliyopashwa moto na kupata kitu chenye vitundu vidogo mno. Vitundu hivyo havipitishi tone la maji, lakini huruhusu mvuke wa jasho kutoka.

Kinga ya pili iko juu ya kitambaa chenyewe. Ni dawa inayofanya maji yaviringike na kudondoka, kama tone juu ya jani la gimbi. Hii ndiyo huchoka kwanza. Vumbi, moshi, mafuta ya ngozi, mabaki ya sabuni na msuguano wa mkoba huifunika au kuiondoa.

Hapo kitambaa cha nje hunyonya maji na kuwa kizito. Utando ungali mzima, lakini jasho halipati pa kutokea, na hugeuka maji ndani ya koti. Mvaaji hudhani mvua imepenya, kumbe aliloweshwa na jasho lake mwenyewe.

Jinsi ya kulipima koti

Lisafishe koti, likauke, kisha linyunyizie maji kwenye mabega, mikono na kofia. Maji yakiviringika na kudondoka, kinga ingalipo. Yakisambaa na kuacha doa jeusi la unyevu, dawa ya nje imechoka.

Kisha ligeuze koti ndani nje. Mpako ukiwa unabanduka kama magamba au unanata vidoleni, plastiki yenyewe imeoza, na hakuna dawa ya kupulizia itakayoirudisha.

Hatua za kurejesha kinga

Kwanza, soma kibandiko cha maelekezo. Funga zipu zote, kisha fua kwa maji ya uvuguvugu, mengi yakiwa nyuzijoto 30, kwa sabuni ya maji isiyo kali au iliyotengenezwa mahsusi kwa makoti ya mvua. Sugua polepole kwenye ukosi na ncha za mikono, ambako mafuta hujikusanya.

Pili, suuza mara mbili au tatu hadi povu liishe kabisa. Sabuni iliyobaki huvuta maji, na yaweza kuharibu kazi yote.

Tatu, lipe joto. Likishakauka, kausha tena kwa dakika 20 katika mashine yenye joto dogo. Asiye na mashine atumie pasi ya joto la chini, bila mvuke, huku kitambaa cha pamba kikitenganisha pasi na koti. Joto huamsha dawa iliyosalia. Ikiwa kibandiko kina alama ya pasi iliyokatwa kwa msalaba, hatua hii isifanyike.

Nne, rudia jaribio la maji. Ikiwa bado yanasambaa, ndipo dawa mpya inahitajika. Ile ya kupulizia hufaa koti lenye bitana, kwa kuwa hubaki nje tu. Ile ya kuchanganywa na maji ya kufulia hufaa koti lisilo na bitana. Dawa ipuliziwe mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto na watoto, na ziada ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Makosa ya kuepuka

Dawa ya kulainisha nguo, jiki na sabuni ya unga yenye manukato huongeza tatizo. Petroli, ambayo baadhi ya watu huitumia kuondoa madoa ya oili, huyeyusha gundi ya mishono na ni hatari kwa moto. Nta ya nyuki nayo hufaa turubai na makoti ya pamba nzito, si koti lenye utando, kwa sababu huziba njia ya jasho.

Makoti ya plastiki nzito au mpira hayana dawa ya nje ya kurejesha. Hayo hupanguswa kwa maji na sabuni, hayapigwi pasi kamwe, na matundu yake huzibwa kwa kiraka na gundi inayofaa.

Tahadhari kuhusu kemikali

Kwa miongo kadhaa, dawa nyingi za kuzuia maji zilitengenezwa kwa PFAS, zinazoitwa kemikali za milele kwa kuwa hazivunjiki kwa urahisi katika mazingira. Mojawapo, PFOA, iliingizwa mwaka 2019 katika Mkataba wa Stockholm unaodhibiti kemikali sugu, na mwaka 2023 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiorodhesha miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Majimbo ya California na New York yalianza kuzuia nguo mpya zenye PFAS Januari 2025.

Koti la mtumba la miaka ya nyuma laweza kuwa na kemikali hizo, na jicho haliwezi kuzitambua. Anayenunua dawa ya kurejesha kinga anashauriwa kuchagua ile inayotaja kwenye chupa kuwa haina PFAS. Dawa hizo hufukuza maji vizuri, lakini hushindwa mapema na mafuta na moshi. Kwa motari, hiyo ina maana ya kufua koti mara nyingi zaidi.

Wakati mzuri wa kazi hii ni kiangazi cha Juni hadi Agosti, jua linapokausha haraka na koti halihitajiki kila siku. Likisubiri hadi wingu la Septemba, mwenye koti atakuwa barazani, akihesabu abiria wanaopita na wenzake.