Nani Amewahi Kupima Hewa ya Kinoo?

Wasee, hebu tuanze na simu yako. Uko steji ya 87, mvua imekataa kunyesha, vumbi na moshi wa malori vimekuingia mpaka kwa meno. Unafungua app ya hewa, inakuambia "Nairobi", halafu namba, halafu rangi ya kijani. Mimi niliifuata hiyo namba. Ilikuwa imepimwa na kihisi kilicho kilomita kadhaa kutoka hapa, mtaa wa miti na mageti.

Mathe huuza mboga kando ya hiyo barabara, kuanzia kabla jua litoke mpaka usiku. Amekohoa tangu mwaka jana. Kliniki walimuuliza anapikia kuni ama makaa. Anapikia gesi. Hakuna aliyemuuliza anashinda wapi mchana. Ndio maana nikaanza kuchimba hii stori. (Campo niliacha mwaka wa pili, kusoma sikuacha.)

Sheria ya moshi hapa Kenya imemshinda shosho wako umri. Sheria ya Afya ya Umma ya 1921 ilihesabu bomba linalotoa moshi wa kudhuru watu kuwa kero, na kazi ya kuondoa kero ikapewa serikali za mitaa. Lakini kero ni kitu cha macho na pua. Afisa anaangalia, ananusa, anaamua.

Waliotuletea hiyo sheria wenyewe walijifunza kwa uchungu. Desemba 1952 moshi wa makaa ulifunika London siku tano, na hesabu ya kwanza ikawa kama watu 4,000 wamekufa. Wakapitisha sheria ya hewa safi 1956. Mwaka 1995 wakaongeza nyingine: halmashauri ikague hewa ya eneo lake, na ikizidi kiwango itangaze eneo hilo na iandike mpango wa kuisafisha.

Sasa rudi Nairobi, mji wenye makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa tangu miaka ya sabini. Usidhani hewa haikupimwa. Pale Dagoretti Corner, watu wa hali ya hewa wanarusha maputo ya kupima ozoni juu angani tangu 1996. Mwaka 1999 kituo kikafunguliwa Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,600 juu, kufuatilia hewa ya dunia. Ni kazi ya maana, siibezi. Lakini puto linapita juu ya Kawangware likienda zake, na sisi pua ziko huku chini.

Stori ya huku chini ilikuja karibu kwa bahati. Kwenye viwanja vya ndege kuna watu wanaoandika kila mara unaweza kuona umbali gani, kwa ajili ya marubani. Ukiondoa ukungu na mvua, kinachofunga macho ni vumbi na moshi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walichukua hayo madaftari ya miaka na miaka wakayageuza kuwa historia ya uchafu. Tangu miaka ya sabini, Nairobi imepanda kwa asilimia 182. Kampala 162, Addis Ababa 62. Kizazi kizima kilikuwa kinaandika ushahidi bila kujua.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Julai 2009, wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Columbia cha Marekani. Walipima PM2.5, yaani vumbi laini kabisa linaloingia mpaka ndani ya mapafu. Kando ya barabara katikati ya mji, mchana, wastani ulikuwa maikrogramu 98.1 kwa kila mita ya ujazo wa hewa. Mashambani, 10.7. Kwenye makutano makubwa walipata 128.7, wakasonga mita 100 upande upepo unakoelekea, ikashuka mpaka 18.7.

Mita mia moja, wasee! Hiyo ni kutoka kibanda cha mathe mpaka kwa ploti yetu. Mimi na yeye tunaishi nyumba moja na hatuvuti hewa moja. Sasa kihisi cha kilomita kadhaa kitamsemea vipi?

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ilizipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa. Kanuni za kitaifa za 2014 zikaweka mpaka wa PM2.5: 75 kwa siku. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilisema 15. Fanya hesabu mwenyewe.

Halafu kuanzia Mei 2016, watafiti waliweka vihisi vya bei nafuu sehemu sita, zikiwemo Kibera, Viwandani na Alliance Girls. Alliance Girls ya Kikuyu! Kutoka hapa ni matatu moja. Hivyo vihisi humulika hewa na kuhesabu chembe zinavyotawanya mwanga, na visipolinganishwa na mashine kubwa vinaweza kudanganya: ukungu wa Julai vinauhesabu kama vumbi. Hata hivyo, kihisi cha kukisia kidogo kinashinda pua ya afisa.

Kaunti ya Nairobi iliandika mpango wake wa hewa wa 2019 hadi 2023. Lakini ukivuka Uthiru kuja 87 umeingia Kiambu, na mpango wa Nairobi umebaki nyuma yako. Upepo wa mji sehemu kubwa ya mwaka hutoka mashariki na kaskazini-mashariki. Unatusukumia moshi huku magharibi, na sijawahi kuuona ukisimama Uthiru kuonyesha kibali.

Jumatatu nimepeleka barua kwa ofisi ya kaunti. Nimeuliza kitu kimoja: kuna kipimo chochote cha hewa kilichochukuliwa kando ya barabara hapa Kinoo, na kama kipo, nakiomba. Sheria ya 2016 ya kupata habari inawapa siku 21 kujibu. Nikamsomea mathe nakala. Akauliza kama watakuja kupima, waambiwe wafike kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu hapo ndio malori huwa mengi.