Vocha ya Nguo Iliyofika Bungeni

Mwaka 2025 ilitimia nusu karne tangu shirika la National Children's Bureau liwakutanishe jijini London watoto na vijana wapatao 100 waliokuwa mikononi mwa serikali, baadhi katika familia za kambo na wengine katika makao ya watoto, ili waeleze wenyewe maisha yao. Maneno yao yalichapishwa katika kitabu mwaka 1977. Hata hivyo, historia ya malezi ya kambo Uingereza bado husimuliwa kana kwamba ni kazi ya majaji, tume na mawaziri peke yao. Ni kweli kwamba kifo cha Dennis O'Neill, mvulana wa miaka 12 aliyeuawa kwa mateso katika shamba la walezi wake wa kambo mwaka 1945, kilitikisa taifa na kuharakisha sheria ya watoto ya mwaka 1948. Lakini msiba hufundisha watunga sera kuzuia ukatili wa aina ile ile. Haufundishi kijana anaishije siku za kawaida, wala anakwenda wapi umri wa kulelewa unapokwisha. Hayo yaliingia katika sera kwa sababu waliolelewa walijipanga na kuyadai, na ndiyo maana nawahesabu miongoni mwa waandishi wa sheria hizo.

Mfano wenye nguvu kuliko yote unaonekana mdogo sana. Mwaka 1973 vijana wa mji wa Leeds waliunda kikundi kilichoitwa Ad-Lib. Mike Stein, mtafiti aliyekuwa karibu nao na aliyeandika historia ya harakati hizi mwaka 2011, anatukumbusha kwamba hawakuanza na katiba wala haki za binadamu. Walianza na nguo. Wakati ule mtoto aliyekuwa chini ya malezi ya halmashauri hakupewa fedha taslimu za kununua shati au viatu. Alipelekwa katika duka lililokubaliwa, akachagua, kisha kikatolewa kitabu cha vocha, fomu ikajazwa na kutiwa sahihi pale pale kaunta, huku wateja wengine wakingoja nyuma yake. Kufikia hapo duka zima limejua huyu ni mtoto wa nani, au tuseme si mtoto wa nani. Kwa mhasibu wa halmashauri, utaratibu huo ulilinda fedha za umma, na hoja yake si ya kupuuzwa: fedha za walipa kodi lazima zifuatiliwe. Vijana nao hawakukataa hesabu. Walichokataa ni hesabu inayofanywa kwa kumwaibisha mtoto hadharani, ilhali risiti ingetosha. Vitabu hivyo vilikuja kuondolewa. Muhimu zaidi, kikundi kilikuwa kimejifunza kazi ya utetezi: kushika jambo moja linaloonekana, kuonyesha ni kanuni gani inayolizaa, na kumfuata mwenye mamlaka ya kuibadilisha.

Kutokana na vikundi kama hicho kukazaliwa mwaka 1979 umoja wa kitaifa wa vijana walio katika malezi, NAYPIC, uliotoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyochapisha ripoti yake mwaka 1984. Sheria ya watoto ya mwaka 1989 ikazitaka halmashauri zisikilize matakwa ya mtoto kabla ya kumwamulia. Kuhusu wanaoondoka katika malezi, iliruhusu zaidi kuliko ilivyolazimisha. Wajibu mzito zaidi ulikuja na sheria ya mwaka 2000. Wapo wanaosema vijana hawa walisukumwa na maafisa wa ustawi waliokuwa na ajenda zao. Watu wazima walikuwepo, naam, wakitafuta kumbi na nauli. Lakini msaidizi aliyetafuta ukumbi hakuwahi kusimama kaunta na kitabu kile, na ushahidi uliobeba uzito ulitokana na kusimama huko. Udhaifu halisi wa umoja huo ulikuwa ufadhili: ulitegemea fedha za wakubwa wale wale uliowakosoa, na katikati ya miaka ya 1990 ukasambaratika.

Tangu mwaka 2014 kijana wa England aliye katika familia ya kambo anaweza kuendelea kuishi na walezi wake hadi miaka 21, wakikubaliana. Aliyelelewa katika makao hakupewa haki hiyo, na sioni utetezi wowote wa tofauti hiyo zaidi ya gharama. Gharama yenyewe haitoweki kijana anapotolewa. Inahamia kwenye makazi ya dharura, hospitali na magereza. Kwa msomaji wa Kenya suala hili liko nyumbani. Mwaka 2009 waliolelewa katika makao ya watoto waliunda chama chao, KESCA, na mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unakusudia kuwahamisha watoto kutoka makao kwenda kwa familia. Husemwa kwamba Mwafrika ana ukoo, hahitaji sera ya kumsindikiza baada ya miaka 18. Ukoo upo kwa wengi, ila mtoto aliyefikishwa makaoni ni yule ambaye ukoo wake ulishindwa kumfikia au haukutafutwa vya kutosha. Mkakati huo una miaka kumi tu, na bajeti za kaunti hupangwa kila mwaka. Waliotoka makaoni wanapaswa kuwa ndani ya vyumba zinamopangwa, wakiwa na kura na nauli isiyotoka kwa wanaowakosoa.