Uga wa Umeme

Inapoingia Novemba, mawingu hujikusanya juu ya milima ya Mbeya yakatandaa hadi Iyunga, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Radi inapopiga, sisi tulio mbali husema imepiga mti fulani, kana kwamba umeme ni jambo la nukta moja. Waama, wingu si nukta. Chaji yake imeenea angani, nayo ardhi iliyo chini yake huitika kwa chaji ya kinyume. Basi kitu kilichotandaa hivyo huvuta kwa nguvu gani, na kuelekea wapi?

Swali hili lina historia ndefu. Mwaka 1767 Mwingereza Joseph Priestley alitafakari jambo la ajabu: chombo cha madini kikitiwa chaji, kitu kilichomo ndani yake hakivutwi upande wowote. Kutokana na hilo akakisia kuwa nguvu ya umeme hufuata kanuni ileile ya uvutano wa Newton. Mwaka 1785 Mfaransa Charles Coulomb aliithibitisha kwa mizani ya uzi unaosokoteka: umbali ukiwa maradufu, nguvu hubaki robo.

Lakini kanuni ya Coulomb ni ya nukta mbili tu. Kwa kitu kilichotandaa, njia ni kukigawa vipande vidogo mno, kukihesabu kila kipande kuwa nukta, kisha kuzijumlisha nguvu zote bila kusahau mwelekeo wa kila moja. Chukua pete yenye chaji iliyoenea sawasawa. Katikati yake kila kipande kina mwenzake upande wa pili anayemtangua, na jumla ni sifuri. Ukisogea juu ya kitovu hicho, misukumo ya pembeni hutanguana, ukabaki ule wa kwenda mbele. Waya mrefu mno, uga wake hupungua nusu umbali unapokuwa maradufu. Na chaji iliyotandazwa kama jamvi lisilo na mwisho, uga wake haupungui hata ukienda mbali. Kanuni ni moja. Umbo ndilo linalobadili matokeo.

Aliyetupa sura ya kuyaona haya ni Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, aliyejisomea mwenyewe akiwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu. Hesabu zilimpiga chenga, hivyo akachora mistari ya nguvu katika nafasi inayoizunguka chaji. Mwaka 1836 aliunda kizimba cha futi 12 kila upande, akakitia chaji kali na kuingia ndani. Vyombo vyake havikuona umeme wowote. Kile alichokitafakari Priestley, Faraday alikikalia ndani. Baadaye James Clerk Maxwell aliivisha michoro hiyo vazi la hesabu.

Nafasi hiyo Kiswahili kimeiita uga. Sisi watu wa pwani twalijua neno hili: uwanja wa mbele ya nyumba, mahali pa ngoma. Uga huwapo hata kabla mchezaji hajaingia, na aingiapo humpa mahali pa kukanyaga. Sioni tafsiri iliyo bora kuliko hiyo.

Lakini kijana wa kidato cha tano katika Shule ya Sekondari ya Ufundi Iyunga huyasoma na kuyafanyia mtihani mambo haya kwa Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, mwana wa Njombe, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, serikali haikukubali. Sera ya Elimu ya 2014 ilizitaja lugha zote mbili, lakini Kiingereza kikabaki darasani. Anaweza kukokotoa jumla ya pete bila kosa, asijue kuwa anahesabu kitu ambacho lugha yake ina jina lake, na jina lenyewe ni picha.

Faraday hakuwa na hesabu, alikuwa na picha. Kijana wetu ana hesabu; tusimnyime uga wake.