Frene Ginwala na gazeti la Azimio

Ukitoka Sombetini kwa daladala kuingia mjini, ukumbi wa Kaloleni hauko mbali na utakaposhuka. Sasa ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa jijini kwetu ikalipitisha Azimio, na tangu hapo kila mwenye umri wa kukumbuka atakutajia mabenki, viwanda na mashamba ya mkonge yaliyotaifishwa. Gazeti hawalitaji. Zamu yake ilifika tarehe 5 Februari 1970, Azimio lilipotimiza miaka mitatu. Siku hiyo Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kwamba The Standard la Dar es Salaam, pamoja na Sunday News la Jumapili, ni mali ya umma.

Mhariri mtendaji aliyekabidhiwa kiti hakuwa Mtanzania. Alikuwa Frene Ginwala, mwanasheria wa Afrika Kusini, Mparsi ambaye ukoo wake ulitoka India. Alizaliwa Johannesburg mwaka 1932, akasomea sheria Uingereza. Machi 1960, baada ya mauaji ya Sharpeville, alikuwa miongoni mwa waliofanikisha safari ya Oliver Tambo, kiongozi wa chama cha ANC, kutoroka kupitia Bechuanaland hadi Dar es Salaam. Kazi hiyo ilihitaji mtu asiyepayuka, anayejua nani wa kupigiwa simu na nani wa kuepukwa.

Dar es Salaam alikuwa anaifahamu vizuri. Mwaka 1961 alianzisha hapo jarida la Spearhead, lililojadili ukombozi na umoja wa Afrika. Mwaka 1963 serikali ileile iliyompokea ikampiga marufuku kukaa nchini, akaondoka. Baadaye aliruhusiwa kurudi. Kwa hiyo Mwalimu alipompa gazeti alikuwa hampi mgeni asiyemjua. Alimpa mtu aliyekwishafukuzwa mara moja.

Gazeti lenyewe lilikuwa na historia yake. Tanganyika Standard lilianza Januari 1930 kama tawi la East African Standard la Nairobi, nalo likawa sauti ya wakoloni na wafanyabiashara wao. Lakini ukiufuata mzizi wake hadi mwisho unamkuta Mhindi: A. M. Jeevanjee, tajiri mzaliwa wa Karachi, aliyeanzisha African Standard kule Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1905 akawauzia Waingereza, likageuka gazeti la walowezi. Miaka ya 1960 ilipokaribia mwisho mwenye mali alikuwa Lonrho, kampuni ya London. Mhariri aliyempisha Ginwala, Mwingereza Brendon Grimshaw, alikwenda zake Seychelles kwenye kisiwa kidogo cha Moyenne alichokinunua mwaka 1962, akaishi huko na kobe wake mpaka alipofariki mwaka 2012. Sijui mhariri mwingine aliyestaafu vizuri kiasi hicho.

Siku ya kutaifishwa, ukurasa wa kwanza ulibeba hati ya Nyerere kuhusu namna gazeti litakavyoendeshwa. Ingefaa isomwe upya kwenye kila chumba cha habari. Gazeti litafuata ujamaa na kuunga mkono sera za serikali, ilisema, lakini litakuwa huru kumkosoa mtu yeyote na kuchapa hoja za pande zote. Rais mwenyewe alikubali kuwa mhariri mkuu kwa jina. Kazi ya kila siku akaachiwa Ginwala.

Naye aliichukua hati hiyo kama ilivyoandikwa. Chumba cha habari kilijaa watu wa mrengo wa kushoto kutoka pande mbalimbali, akiwemo Mwingereza Richard Gott aliyesimamia habari za nje, na Mkenya Philip Ochieng'. Vita vya Vietnam na mapambano ya Msumbiji na Angola vilipewa nafasi ambayo Lonrho isingevipa. Barabarani gazeti lilishindana na The Nationalist, gazeti la Kiingereza la TANU lililokuwa chini ya kijana Benjamin Mkapa. Magazeti mawili ya Kiingereza, moja la chama na jingine la serikali, yote ya kijamaa, yakitupiana macho.

Hapo kuna jambo linalonitatiza. Wanunuzi wa kawaida wa magazeti mwaka 1970 hawakuwa wasomaji wa Kiingereza. Walinunua Uhuru, la chama, au Ngurumo. Na Ngurumo, lililozaliwa Dar es Salaam mwaka 1959, lilikuwa la binafsi kabisa, la ukoo wa Kihindi wa Thaker, wenye mtambo wa kuchapa. Hilo halikuguswa. Liliendelea hadi mwaka 1976. Serikali ilichukua gazeti la mabalozi, mameneja na wasomi, ikaacha lililosomwa kijiweni mikononi mwa mpiga chapa. Nadhani sababu ni kwamba The Standard ndilo lililosomwa na dunia, na Mwalimu alitaka dunia isikie sauti yake. Ginwala alifaa kwa hilo: Kiingereza chake kilinyooka, siasa zake zilijulikana, na hakuwa na jimbo wala kabila la kutetea hapa nchini.

Lakini dunia hiyohiyo ndiyo iliyomwangusha. Julai 1971 wanajeshi wa mrengo wa kushoto walimpindua Jaafar Nimeiry wa Sudan. Baada ya siku tatu akarudi madarakani na kuanza kunyonga. Abdel Khaliq Mahjub, katibu mkuu wa chama cha kikomunisti, alinyongwa. Joseph Garang, aliyekuwa waziri wa mambo ya Kusini, naye vilevile. The Standard likaandika tahariri kali kulaani mauaji hayo. Hati ilisema linaweza kumkosoa mtu yeyote. Hakuna mstari uliosema isipokuwa marais wenzetu. Nyerere akamwondoa Ginwala. Alikuwa amekaa kitini mwaka mmoja na nusu.

Wako wanaosema alikosa busara ya kidiplomasia. Sikubaliani nao. Gazeti la serikali likimshutumu rais wa nchi nyingine, rais huyo ataiona ni serikali iliyosema, na hilo lilijulikana tangu siku ile hati ilipotiwa saini. Aliyetaka gazeti liwe huru na la Ikulu kwa wakati mmoja hakuwa Ginwala.

Sammy Mdee alishika nafasi yake, na tarehe 26 Aprili 1972 The Standard na The Nationalist yakaunganishwa kuwa Daily News, mhariri wake akiwa Mkapa. Ginwala alikwenda Uingereza, akaendelea na kazi za ANC katika ofisi ya Tambo. Mei 1994 Bunge la Afrika Kusini huru lilimchagua kuwa spika, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho, akakishika miaka kumi. Mshindani wake wa The Nationalist akaapishwa kuwa Rais wa Tanzania Novemba 1995. Ginwala alifariki Januari 2023, akiwa na miaka 90.

Kampuni aliyoiongoza bado ni ya serikali, na Daily News bado linatoka. HabariLeo, gazeti la Kiswahili la kampuni hiyo, lilianza kuchapwa mwaka 2006, miaka 36 baada ya The Standard kufanywa mali ya wananchi.