Kugo wangu si wa 1960

Kitambulisho cha kugo wangu kinasema alizaliwa 1960. Hakuna siku, hakuna mwezi, ni 1960 tu, kavu. Inua Jamii inalipa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi wakifika miaka 70. Kwa hiyo kadi, yeye atafika 2030.

Lakini huyu mzee anakumbuka Uhuru ya Desemba 1963. Alikuwa Baringo anachunga mbuzi, peke yake. Wasee, mtoto wa miaka 3 hachungi mbuzi. Yeye ndio huchungwa.

Nikamuuliza, kugo, hii 1960 ilitoka wapi? Akasema karani alimuuliza alizaliwa lini, yeye akajibu, "Mimi ni Kimnyigei." Karani akaandika namba rahisi, akaita mwingine.

Sasa, Kimnyigei ni jibu la maana kuliko 1960. Kwa Wakalenjin kila mwanaume anaingia rika lake, ibinda, akitahiriwa. Rika moja linachukua karibu miaka 15, halafu linafungwa na lingine linafunguliwa. Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyigei, Nyongi. Majina yanazunguka na kurudi baada ya zaidi ya miaka mia (Wanandi na Wakipsigis wana yao saba, si nane, usinipigie kelele kwa komenti). Kama hukulala darasani ukiwa kidato cha pili, unajua hiyo ni nini: makundi yenye upana na mipaka. Watu wa huku walikuwa wanapanga data kwa makundi kabla Karl Pearson alete neno histogramu huko Uingereza miaka ya 1890.

Halafu ikaja sensa. Ya kwanza kuhesabu Waafrika wa Kenya vizuri ilikuwa 1948. Kabla ya hapo mkoloni alikuwa anakadiria tu, sana sana kwa kodi ya vibanda. Sensa inataka umri kwa miaka, na mtu hana hiyo namba. Ndio maana makarani hubeba kalenda ya matukio: ulikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa njaa fulani, wakati wa Uhuru? Wakikosa subira, umri unaishia kwa 0 ama 5. Chora histogramu ya mwaka mmoja mmoja uone: mnara kwa 40, mnara kwa 50, mnara kwa 60, na katikati mashimo. Wataalamu wana hata kipimo chake, cha Whipple. 100 inamaanisha hakuna aliyekadiria hivyo, 500 inamaanisha kila mtu amesema 0 ama 5.

Dawa ya kawaida ni kupanga kwa miaka mitano mitano, 55 hadi 59, 60 hadi 64. Minara inapotea, picha inakaa safi. Mimi hiyo usafi ndio inanisumbua. Mzee wa 58 akisema 60, amehama kundi zima, na histogramu haitakuambia. Ukitafuta wastani unachukua katikati ya kundi, 62, kana kwamba watu wamejipanga sawasawa humo ndani, na wengi wamesongamana kwa 60 pale mlangoni.

Kwa nchi nzima hayo makosa ni madogo, nakubali. Wastani utasonga kidogo tu. Lakini pesa ya wazee hailipwi kwa wastani. Inalipwa kwa mpaka wa kundi, 70, na mtu mmoja mmoja anasimama upande huu ama ule.

Kubadilisha mwaka kwa kadi wanataka ushahidi, na rika si ushahidi, nimeshaambiwa hivyo dirishani mara mbili. Jumamosi tunapanda matatu ya Kabarnet, mimi na kugo. Kuna mzee walitahiriwa pamoja, siku moja, na yeye ana cheti cha ubatizo. Alibatizwa akiwa mtoto mchanga, 1953.