Baada ya Kusasambua

Kwenye kuta za hospitali za serikali Tanzania utazikuta S tano za kupanga mahali pa kazi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Chimbuko lake ni viwanda vya Japani, kwa majina ya seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke. Zilipitia hospitali za Sri Lanka, kisha mwaka 2007 zikaanza kutumika Hospitali ya Rufaa Mbeya. Aliyezifasiri alijifunga sharti gumu, kila neno lianze na S.

La kwanza alilipatia kweli. Chambua lingetosha kimaana, lakini sasambua ni kuvua, kuanika kilichositiriwa. Mtu wa Pwani hucheka kwanza, ndipo aelewe. Fungua kabati la wodini: fomu zilizokwisha kubadilishwa, mashine ya presha iliyokufa, kalamu zilizokauka, ufunguo usiojulikana mlango wake. Havitumiki, na hakuna anayethubutu kuvitupa kwa kuwa ni mali ya serikali. Kusasambua ni kuvitoa vyote nje, wenzako wakitazama.

Kasoro iko kwenye shikilia. Shitsuke kwa Wajapani ni malezi, neno lilelile la mzazi anayemfunza mtoto adabu. Shikilia ni amri: usiachie ulichokabidhiwa. Na kaizen, yaani kuboresha kazi hatua kwa hatua, ambayo S hizi ni ngazi yake ya chini tu, inamtaka muuguzi mwenyewe abadilishe kitu, aseme troli ikae huku, madaftari haya mawili yawe moja. Maofisini kwetu msema hivyo majina yake yapo tayari: mjuaji, kimbelembele, kiherehere. Akijaribu mambo yakaharibika, anaandikiwa barua ajieleze. Ubunifu je? Neno hilo limo kwenye fremu ya maadili pale mapokezi, katikati ya uadilifu na uwajibikaji. Kwenye kikao cha asubuhi sijalisikia.

Kwa jambo hilohilo, gereji wanalo neno lao. Fundi humwambia saidia fundi, "Hebu jaribishia hii." Kifaa kinafungwa kwa muda, gari linawashwa, likikataa kinafunguliwa, kazi inaendelea. Kujaribishia hakumdai mtu awe na hakika kabla hajaanza, wala hakumwachii lawama peke yake, maana aliyesema "jaribishia" ni mkubwa wake.

Muuguzi mfawidhi akisema "tujaribishie wiki mbili", troli itasogea leo. Akisema "andika pendekezo, tutalijadili", itabaki pale pale mlangoni.