Mgeni, Balozi na Mkazi: Historia Fupi ya Istilahi za Ujirani

Wafasiri na watumishi wa Serikali hukabiliwa mara kwa mara na swali lionekanalo dogo: mtu aliyehamia mtaa asioujua, naye akusudia kudumu hapo, aitwe nani? Neno lililo karibu ni "mgeni". Lakini mgeni wetu ana muda. Methali yasema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika maandishi yake juu ya Ujamaa, akisisitiza wajibu wa kila mtu kufanya kazi. Sisi twaona ndani yake jambo la pili: jembe ni mzigo, lakini pia ni hati ya kukaribishwa. Alipokeaye huacha kuwa mgeni.

Neno "balozi" nalo lafundisha. Asili yake ni cheo cha mjumbe wa Venice huko Constantinople. Likapitia Kituruki hata likafika pwani yetu. Katika Unguja ya karne ya 19, balozi alikuwa msemaji wa wageni mbele ya Sultani. Yule wa Marekani aliwasili mwaka 1837. Katika miaka ya 1960, TANU ilipounda mashina ya nyumba kumi kumi, kiongozi wa shina akaitwa balozi. Hivyo neno likageuka: aliyewasemea wageni akawa mwenyeji wa kuwapokea. Tangu vyama vingi viruhusiwe mwaka 1992, shina limebaki la chama, na mtaa una mwenyekiti wake wa kuchaguliwa. Hata hivyo, "mjumbe" hajatoka vinywani mwa watu.

Tuchukue mfano wa Madale, Wilaya ya Kinondoni, ambako wengi wamenunua viwanja na kujenga. Ahamiaye hapo hafundishwi ujirani kwa kanuni zilizoandikwa. Hujifunza msibani: kwanza huketi pembeni, baadaye huombwa kupanga viti, kuteka maji ya jikoni, ama kushika jembe makaburini, mwishowe huulizwa shauri. Jembe la methali limebaki jembe.

Kwa hiyo hatuna budi kuchagua kwa uangalifu. "Mhamiaji" humkumbusha msomaji pasipoti na Idara ya Uhamiaji. Raia aliyetoka Temeke kwenda Madale hastahili shaka hiyo. "Mtu wa kuja" lina dharau. Twapendekeza "mkazi mpya" katika fomu na barua, na "mgeni" abaki yule atakayeaga. Istilahi isiyofaa yaweza kumweka mtu mlangoni miaka mingi, mikono mitupu, akingoja jembe.